Hamu ya Pombe Si Njaa ya Mwili

Swali limerudi tena wiki hii, na aliyeuliza ana miezi minane hajagusa kilevi: "Daktari, kama nimeacha kweli, mbona Ijumaa jioni bado naikumbuka? Si mwili unadai? Nikinywa moja tu ya kukata hamu?"

Hapana. Mwili haudai chochote. Arosto ya pombe, ile ya jasho, mikono kutetemeka na kukosa usingizi, huanza saa chache baada ya glasi ya mwisho, huwa kali siku ya pili au ya tatu, na kwa wengi imekwisha ndani ya wiki. Miezi minane baadaye kinachokuita ni kumbukumbu.

"Moja ya kukata hamu" ni mantiki ya kuzimua, na mantiki hiyo nimechoka kuisikia. Anayezimua asubuhi hutulia kwa sababu kilevi cha jana kinapungua mwilini naye anakiongeza. Wewe huna cha jana. Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Marekani, Alan Marlatt, na wenzake walichapisha jaribio lililopaswa kuumaliza ubishi huu. Watu, wakiwemo waraibu, waligawiwa vinywaji: wengine vodka na toniki, wengine toniki tupu, na baadhi wakadanganywa kuhusu walichopewa. Walioamini wanakunywa vodka ndio waliokunywa zaidi, hata pale glasi ilipokuwa na toniki peke yake. Walioamini ni toniki hawakuzidisha, ingawa vodka ilikuwemo. Kilichowasukuma ni matarajio. Basi ukiijibu Ijumaa kwa chupa moja, hukati kitu. Unaufundisha ubongo upya kwamba Ijumaa ni siku ya pombe, na Ijumaa ijayo utaulizwa tena, kwa sauti kubwa zaidi.

Kumbukumbu yenyewe si shahidi wa kuaminika. Uchungu wa mabaya hufifia upesi kuliko utamu wa mazuri. Ndiyo maana unaikumbuka bia ya kwanza yenye jasho la baridi, nyama choma na utani wa mezani, lakini husimuliwi simu iliyopotea, ada ya mtoto iliyoishia kwenye raundi, wala mke aliyefungua mlango bila kukusalimu. Wengi ninaowahoji, tukichimba, wanachokililia ni ile meza na watu wake. Huzuni hiyo ni halali, na haina aibu.

Na ndugu mnaotia unga wa "kumchukiza pombe" kwenye mchuzi wa mtu bila yeye kujua, acheni leo. Unga huo ukiwa na dawa ya disulfiramu, naye akanywa pombe, presha yake inaweza kuporomoka akafa.

La kufanya? Kula kabla ya jioni. Hamu ikipanda, subiri nusu saa. Hupanda, hufika kileleni, hushuka. Jisimulie usiku wa kunywa mpaka asubuhi yake, usiishie bia ya pili. Mpigie mtu simu. Badili njia ya kurudi nyumbani. Kutana na marafiki wale wale mchana, mahali pasipouzwa pombe. Bia isiyo na kilevi iache mwaka wa kwanza, harufu yake inatosha kukuamsha. Nenda kwenye mikutano ya Alcoholics Anonymous ikiwepo karibu. Muulize daktari kuhusu naltreksoni, ambayo hupunguza hamu. Na kama bado unakunywa sana kila siku, usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani: degedege la kuacha pombe linaua. Anzia hospitali.