Rada Chini ya Mawingu: Kusoma Ramani ya Mafuriko kwa Ajili ya Kinga ya Kipindupindu

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, kimbunga Idai kilipiga mji wa Beira, Msumbiji. Mito ya Buzi na Pungwe ilifurika na barabara zikakatika. Tarehe 27 Machi wagonjwa wa kwanza wa kipindupindu walithibitishwa. Katika siku hizo chache baina ya mafuriko na mlipuko, swali la msingi la afya ya jamii lilikuwa moja: maji yamefika wapi, na ni nani anayeishi humo?

Kamera ya setilaiti hutegemea mwanga wa jua, hivyo mawingu yakitanda haioni ardhi. Rada hufanya kazi kwa namna nyingine. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-1, ambazo ya kwanza ilirushwa Aprili 2014, hutuma mawimbi yenye urefu wa takriban sentimeta 5.6 na kupima mwangwi unaorudi. Mawimbi hayo hupenya mawingu, usiku na mchana. Kwa kuunganisha miangwi mingi iliyopokewa setilaiti ikiwa safarini, kompyuta hupata taswira kali ambayo vinginevyo ingehitaji antena ndefu mno.

Taswira hizo hutolewa bila malipo, na programu za kuzichakata, kama SNAP na QGIS, ni za bure pia. Mtaalamu husawazisha kwanza nguvu ya mwangwi, hupunguza madoadoa yanayochafua taswira, kisha huilinganisha na umbo la ardhi ili kila pikseli ikae mahali pake kwenye ramani. Maji yaliyotulia hufanana na kioo: huyaakisi mawimbi mbali na setilaiti, na hivyo huonekana meusi. Ardhi yenye mimea huyatawanya pande zote, nayo huonekana ya kijivu.

Hapa ndipo penye hatari ya kukosea. Si kila cheusi ni mafuriko: uwanja wa ndege, mchanga mkavu na kivuli cha mlima huweza kuwa vyeusi pia. Kosa zito zaidi ni kudhani kwamba pasipo na weusi hapana maji. Katikati ya nyumba, wimbi hugonga maji, hurukia ukuta, kisha humrudia mtumaji kwa nguvu. Mtaa uliofurika hung'aa badala ya kuwa mweusi. Ramani iliyotengenezwa kwa kuchagua weusi pekee itaonyesha mashamba ya mpunga yaliyojaa maji na kuuacha nje mtaa ambao vyoo na visima vyake vimechanganyika. Kipindupindu huanzia palepale ilipoachwa.

Tiba yake ni kulinganisha. Taswira ya mafuriko huwekwa sambamba na ile ya kabla ya mvua, iliyopigwa kutoka njia ileile ya setilaiti. Pakigeuka kuwa peusi, pachunguzwe. Penye nyumba pakizidi kung'aa, pachunguzwe zaidi. Mito na maziwa ya kudumu huondolewa. Kisha juu ya ramani huwekwa tabaka za makazi, visima, barabara na vituo vya afya, na tarehe ya taswira huandikwa wazi, kwani maji huhama kabla setilaiti haijarudi.

Ramani ya namna hiyo husaidia kuamua wapi pelekwe klorini kwanza na kituo kipi kifikiwe kwa boti. Hata hivyo, haithibitishi ugonjwa. Kazi hiyo ni ya maabara. Wala haichukui nafasi ya mhudumu wa afya ya jamii, ambaye simu yake moja kutoka mtaani huweza kusahihisha pikseli elfu. Kwa mabonde kama Rufiji, yaliyofurika Aprili 2024, maandalizi yafaa kuanza wakati wa kiangazi, kwa kuhifadhi taswira za ardhi ikiwa kavu. Bila hizo, siku ya mafuriko hakutakuwa na cha kulinganishia.