Je, Wajua? Jani la Chai Hutoa Mwanga Mwekundu

Mchumaji chai wa Boito, kaunti ya Bomet, hulitambua jani zuri kwa vidole kabla ya macho: majani mawili na kichipukizi, kisha kapuni. Ni la kijani, nani abishe? Basi yaponde majani hayo mabichi, yaloweke katika spiriti mbali na moto, uchuje. Ingia chumba chenye giza, ukimulike kimiminika hicho kwa taa ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti bandia. Kitang'aa chekundu kama kaa la moto.

Kinachong'aa ni klorofili. Molekuli yake ina umbo la pete, na katikati, kama kito, imeshikwa chembe moja ya metali: magnesiamu. Pete hiyo humeza mwanga wa buluu na mwekundu, ikauacha wa kijani. Shambani, nguvu iliyomezwa huupikia mchai chakula, na kiasi cha asilimia 1 au 2 tu hutoroka kama mwanga mwekundu. Ndani ya spiriti jiko la upishi huo limevunjika, hivyo nguvu nyingi zaidi hutoka kama mwanga. Mskoti David Brewster aliliona jambo hili mwaka 1833. Leo setilaiti ya Marekani OCO-2, iliyorushwa mwaka 2014, huupima mng'ao wa mimea kutoka angani.

Utamu wenyewe umo katika kubadilisha kito.

Mwaka 1998, watafiti wa Marekani wakiongozwa na Stephen Forrest na Mark Thompson walitumia pete ya ukoo wa klorofili yenye platinamu katikati, ndani ya kifaa cha OLED, kinachotoa mwanga kikipitishiwa umeme. Metali hiyo nzito iliiwezesha nguvu ya umeme iliyokuwa ikipotea bure kutoka kama mwanga mwekundu. Mwaka uliofuata wakageukia iridiamu, metali inayozipa skrini za OLED za simu rangi nyekundu na kijani.

Paladiamu ina tabia nyingine. Avigdor Scherz na Yoram Salomon wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, waliitia katika klorofili ya bakteria wa majini. Ikawa padeliporfini, dawa ambayo Umoja wa Ulaya uliidhinisha mwaka 2017 kutibu saratani changa ya tezi dume. Mgonjwa hudungwa mshipani, kisha nyuzi nyembamba hupeleka mwanga wa leza hadi ndani ya tezi. Hapo pete huikabidhi oksijeni elektroni, na oksijeni hiyo iliyogeuka kali huiziba mishipa ya damu inayolisha uvimbe. Pasipo mwanga dawa hutulia tu, ndiyo maana mgonjwa huwekwa penye mwanga hafifu kwa saa kadhaa, hadi imtoke mwilini.