Kuta za Tanuru Huliwa na Nini?

Mafundi wa jua kali wa Kitale na Bungoma wamo katika nchi ya mahindi na miwa, na matrekta na malori ya huko yakichakaa huacha pistoni na vifuniko vya injini vya alumini. Vitu hivyo huyeyushwa na kumiminwa tena kuwa sufuria. Kazi yahitaji mkaa, feni ya kupulizia na tanuru la udongo, na katika hayo yote kiharibikacho upesi ni ukuta wa tanuru.

Watu wengi hudhani kwamba ukuta huo huunguzwa na moto tu. Sivyo. Alumini huyeyuka kwa joto la nyuzi 660 za sentigredi, nao udongo mzuri wa mfinyanzi huvumilia joto kubwa kuliko hilo kwa mbali. Mlaji ni metali yenyewe. Udongo una silika nyingi, yaani kitu kile kile kilichomo katika mchanga, nayo silika ni silikoni iliyoshikamana na oksijeni. Alumini iliyoyeyuka ina uchu wa oksijeni kuliko silikoni; basi huinyang'anya, ikafanya ganda gumu jeusi ukutani, na silikoni iliyoporwa huingia katika metali. Ganda hilo na udongo havitanuki sawasawa. Tanuru lipoapo hupasuka, na siku ya pili metali hupenya katika ufa na kuanza unyang'anyi wake ndani zaidi. Mahali pabaya kupita pote ni pale metali, hewa na ukuta vikutanapo: hapo ganda huota kama uyoga. Majivu ya mkaa nayo husaidia uharibifu, kwa kuwa yana chumvichumvi ziufanyazo udongo uyeyuke mapema na kung'aa kama kioo.

Wako mafundi watumiao chungu cha chuma badala ya udongo. Chuma nacho huliwa, kwa maana alumini hukiyeyusha kidogo kidogo kama maji yayeyushavyo chumvi, hata kitako kikawa chembamba na kutoboka juu ya makaa. Mali iliyonunuliwa kwa kilo humwagika jivuni.

Wahunzi wa kale waliyajua mambo ya namna hii. Watu wa Samia, kusini-magharibi ya Bungoma, waliyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe yaliyouzwa hata kwa Wabukusu. Katika matanuru ya jinsi hiyo mavi ya chuma hula udongo. Huko Buhaya, wazee walipojenga tena matanuru kama hayo mbele ya wachunguzi katika miaka ya 1970, ncha za mabomba ya udongo ya mivukuto ziliyeyuka motoni.

Viwanda vikubwa hutumia matofali yenye silika kidogo. Fundi asiyeyapata hukwangua ganda lingali changa, akaziba ufa kwa udongo uliochanganywa na unga wa matofali yaliyochomwa, usinywee sana ukaukapo. Ila kiraka kibichi ni hatari kuliko ufa wenyewe. Maji yaliyofichika humo yakikutana na alumini hugeuka mvuke ghafula, na metali hurushwa usoni mwa fundi. Kwa hiyo kiraka huachwa kivulini siku kadhaa, kisha huwashiwa moto mdogo wa kuni, ndipo mkaa na feni vifuate.