Ushuru Ulioponya Vifua vya Watoto

Je, msomaji, ni nani hupenda ushuru? Hata wakazi wa Stockholm, Uswidi, walinung'unika Januari 2006, wenye magari walipoanza kutozwa kila walipoingia au kutoka katikati ya jiji. Lakini magari yalipungua kwa asilimia 20 hivi, na moshi nao ukapungua. Septemba mwaka huo wakazi walipiga kura; wengi wakaukubali. Ukarudishwa moja kwa moja Agosti 2007. Baadaye watafiti wakagundua kwamba watoto wadogo waliokimbizwa hospitalini kwa pumu walipungua polepole, hadi karibu nusu.

Siri ni ipi? Mabasi yaliongezwa kwanza, mwaka 2005. Ukimtoza mtu ushuru ili aache gari nyumbani, mwonyeshe kwanza atasafiri na nini.