Mtoto wa Henzirani Apiga Hodi Mipakani

Tarehe 27 Julai mwaka 2021, katika mji wa Gaziantep ulio kusini mwa Uturuki, karibu na mpaka wa Syria, msichana wa miaka tisa alianza safari ya kumtafuta mama yake. Jina lake Amal, neno la Kiarabu lenye maana ya tumaini. Kimo chake kilikuwa meta tatu na nusu, kwa kuwa hakuwa mtu wa nyama na damu bali karagosi. Katika siasa neno hilo limezoeleka kama tusi. Hapa litwaliwe kwa maana yake ya asili, yaani sanamu ichezeshwayo na watu.

Waliomuunda ni mafundi wa kampuni ya Handspring ya Cape Town, Afrika Kusini. Mwili wake ni wa henzirani na nyuzi za kaboni, ili uwe mwepesi. Mchezaji mmoja huingia ndani, akasimama juu ya mironjo na kumtembeza huku akivuta nyuzi ziugeuzazo uso na macho. Wenzake wawili huishika mikono kwa nje, na mara nyingi wa nne humtegemeza mgongoni, upepo usije ukamwangusha. Baadhi ya wachezaji hao wamepata kuwa wakimbizi wenyewe.

Amal alizaliwa kwanza jukwaani. Alikuwa mhusika katika mchezo wa kuigiza uitwao The Jungle, ulioonyeshwa London mwaka 2017, wenye kusimulia maisha ya kambi ya wakimbizi iliyokuwako Calais, Ufaransa, hata ilipovunjwa mwaka 2016. Kikundi cha Good Chance, kilichoanzia katika kambi hiyo, kiliamua kumtoa jukwaani na kumpeleka barabarani, ili watu wasiwasahau watoto wanaokimbia vita bila mzazi wa kuwashika mkono.

Safari yenyewe ilikuwa ya kilomita 8,000, kupitia Uturuki, Ugiriki, Italia, Uswisi, Ujerumani, Ubelgiji, Ufaransa na Uingereza. Si kila kilomita iliyokanyagwa kwa miguu, lakini kila mji alioingia aliutembea, na wenyeji wakamwandalia mapokezi ya namna yao. Mwezi Septemba alipokewa Vatikani na Papa Fransisko, akiwa amezungukwa na watoto.

Si wote waliomwitikia karibu. Mjini Larissa, Ugiriki, wako waliomrushia mawe. Huko Meteora, penye nyumba za watawa zilizojengwa juu ya majabali, madiwani walipiga kura kumzuia asifike. Ajabu ni kwamba mgeni aliyekataliwa hivyo hakuwa na tumbo la kuomba mkate, wala mkono wa kumnyang'anya mtu kazi yake. Ikiwa sanamu ilipata hayo, mama mwenye mtoto mgongoni anayefika usiku bila cheti chochote atapata nini?

Swali hilo humwangukia kwanza askari aliye zamu mpakani, kabla halijamfikia hakimu au waziri. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 unajibu. Ibara ya 31 inakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali, maadamu ametoka moja kwa moja mahali penye hatari, akajitokeza kwa wakuu bila kukawia na kueleza sababu yake. Ibara ya 33 inakataza kumrudisha mahali ambapo maisha au uhuru wake umo hatarini. Nchi za Afrika zilikwenda mbele zaidi. Katika Mkataba uliotiwa saini Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulimhesabu kuwa mkimbizi pia mtu aliyekimbia uvamizi, utawala wa kigeni au machafuko makubwa, na ukakataza waziwazi asifukuzwe hata akiwa bado mpakani.

Mkataba huohuo haukusahau usalama. Wakimbizi hutakiwa kukaa mbali kiasi na mpaka wa nchi waliyotoka, nao wamekatazwa kuendesha uasi dhidi ya nchi yoyote mwanachama. Tena unatamka kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la utu, lisilopaswa kuhesabiwa na nchi yoyote kuwa uadui. Askari aulizapo maswali na kuandika majina anatimiza wajibu wake. Afungapo lango bila kusikiliza, amevunja ahadi iliyowekwa na nchi yake.

Mwezi Oktoba Amal alitua Folkestone, ng'ambo ya maji kutoka Calais, na tarehe 3 Novemba akaingia Manchester, mwisho wa safari hiyo. Mwaka 2022 alikwenda Lviv, Ukraine, na Poland, ambako akina mama na watoto walikuwa wakivuka kuikimbia vita. Mwaka 2023 aliikata Marekani kutoka Boston hadi San Diego, kisha akavuka mpaka kuingia Meksiko.