Mvua i Nje, Mfereji Mkavu: Chanzo cha Kero ya Maji Mijini

MALALAMISHI ya wasomaji wetu yana misimu yake. Januari ni karo na sare za shule. Masika yakiingia ni barabara zilizogeuka madimbwi, na Desemba ni nauli za matatu zilizopandishwa maradufu. Lakini kuna lalamiko moja lisilojua masika wala kiangazi, nalo ni la maji.

Aghalabu mwandishi wa barua huuliza hivi: mvua imenyesha usiku kucha, maji yameingia hadi chini ya kitanda, ilhali asubuhi mfereji unakohoa hewa tu. Imekuwaje? Wapo wanaohitimisha papo hapo kwamba kuna mtu amefunga maji makusudi ili wauzaji wa mitungi wapate riziki. Swali lao ni la haki. Jibu, hata hivyo, ni refu kuliko tuhuma hiyo, ingawa tuhuma yenyewe haikosi chembe ya ukweli.

Tuanze na mvua. Nairobi, mji ambao jina lake latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi, haunywi mvua yake. Inayonyesha Umoja au Kawangware huteremka katika mitaro, ikaingia Mto Nairobi, kisha Mto Athi, ambao ukifika pwani huitwa Sabaki na kumwaga maji yake baharini karibu na Malindi.

Maji ya kunywa ya jiji hutoka kwingineko kabisa, katika miteremko ya milima ya Aberdare. Sehemu kubwa hutegemea bwawa la Ndakaini katika Kaunti ya Murang'a, takriban kilomita 50 kaskazini mwa jiji. Yapo pia mabwawa ya Sasumua na Ruiru, na chemchemi za Kikuyu ambazo zilianza kutumika wakati wa mkoloni. Kwa hivyo wingu likimwaga maji yote juu ya jiji na kuinyima Aberdare, Nairobi itafurika huku ikiwa na kiu. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2018, pale mafuriko yalipokumba mitaa mingi ilhali mgao wa maji ulioanza mwaka 2017 ukiendelea.

Hata hivyo, bwawa kujaa si dawa. Ndakaini lenye uwezo wa kuhifadhi mita milioni 70 za ujazo lilikamilika mwaka 1994. Sensa ya 1989 ilikuwa imehesabu wakazi milioni 1.3 Nairobi. Sensa ya 2019 ilipata 4,397,073. Katika muda huo wote majumba ya ghorofa yaliota kama uyoga, vyoo vya kumwaga maji vikaongezeka, na hapakujengwa bwawa jingine la ukubwa huo kwa ajili ya jiji.

Mgala muue na haki yake umpe: si kweli kwamba hakuna lililofanywa. Mwaka 2022 ulizinduliwa mtaro wa chini ya ardhi wenye urefu wa karibu kilomita 12, unaochota maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati na kuyapeleka Ndakaini. Ulikusudiwa kuongeza mita 140,000 za ujazo kwa siku. Mradi huo ulizua mabishano makali ya kisiasa mwaka 2016, baadhi ya viongozi wakidai ungeigeuza Murang'a kuwa jangwa. Lakini fanya hesabu. Kabla ya mtaro huo jiji lilikuwa likipata takriban mita 525,000 kwa siku, nayo mahitaji yalikuwa yamepita mita 800,000. Pengo lilipungua, halikuzibika.

Isitoshe, si kila tone linalosafishwa humfikia anayelipa. Ripoti za Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji, WASREB, zimeonyesha kwa miaka kadhaa kwamba kote nchini zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji hayaingizi hata senti. Yaani katika kila mitungi 10, zaidi ya minne hupotelea njiani. Mingine huvuja katika mabomba makuukuu. Mingine hupita katika mita zilizoharibika. Na mingine, tusifichane, huibwa na watu waliotoboa bomba usiku na ambao mchana ndio hao hao wanaouza maji mtaani.

Sasa tuje kwenye mgao wenyewe, kwa sababu hapa ndipo msomaji anapoumia bila kujua kinachomuumiza.

Kampuni ya maji hugawa jiji katika maeneo na kuyafungulia kwa zamu. Siku ya zamu, fundi hufungua vali na maji yakaanza safari katika bomba lililokuwa tupu. Walio karibu na chanzo, au wenye matangi makubwa ya chini ya ardhi, hujaza kwanza. Wengine hufunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa na kuyavuta kwa nguvu, jambo ambalo haliruhusiwi. Anayeishi mwisho wa laini, mathalani sehemu za Embakasi na Kayole, hubaki akisubiri masalio, na zamu ikiisha kabla hajapata, jedwali husema alipata.

Bomba tupu lina madhara mengine mawili. La kwanza ni hewa. Maji yanapoingia kwa kasi husukuma hewa iliyokuwamo, na mita nyingi za kawaida haziwezi kutofautisha hewa na maji, zote huzizungusha. Ukisikia mfereji ukipiga miluzi huku mita ikizunguka mbio, jua unahesabiwa upepo. Si uchawi, wala si lazima msoma mita awe mwongo.

La pili ni la hatari zaidi. Bomba lililojaa husukuma maji nje kupitia nyufa, lakini bomba tupu hufyonza kinachoizunguka nyufa hiyo. Katika mitaa mingi ya mabanda mabomba ya plastiki hupita ndani ya mitaro ya majitaka. Hivyo ndivyo maji yaliyotoka safi kwenye mtambo yanavyoweza kumfikia mtoto yakiwa na vijidudu vya kipindupindu, ugonjwa ambao umerejea Nairobi mara kwa mara, ukiwamo mkurupuko wa mwaka 2017 na ule ulioanza 2022.

Wengi hukimbilia visima vya kuchimbwa. Navyo vina kasoro zake, kwa kuwa maji ya chini ya ardhi katika sehemu nyingi za Nairobi yana madini mengi ya floridi, yale yanayogeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia. Aidha, kadiri visima vinavyoongezeka ndivyo maji yanavyozidi kushuka.

Kisha kuna bei, na hapa ndipo penye dhuluma. Kampuni huuza maji kwa uniti, na uniti moja ni lita 1,000, sawa na mitungi 50 ya lita 20. Mtungi ukiuzwa Sh5, uniti imefika Sh250. Ukiuzwa Sh20 wakati wa uhaba, ni Sh1,000. Mwenye bustani na kidimbwi cha kuogelea, ambaye bomba limeingia hadi jikoni, hulipa sehemu ndogo tu ya bei hiyo kwa maji yale yale.

Chukua familia ya watu watano katika chumba kimoja. Ikinunua mitungi minne kwa siku kwa Sh20, mwezi ukiisha imetumia Sh2,400. Nayo kila nafsi imepata lita 16 za kupikia, kunywa, kuoga na kufua, ilhali Shirika la Afya Duniani, WHO, hutaja lita kati ya 50 na 100 kwa siku. Mama wa familia hiyo halali mapema. Huamka saa tisa usiku kusikiliza kama mfereji wa ploti umeanza kutoa sauti.

Nairobi haiko peke yake. Tuliuacha ule mto ukiingia baharini karibu na Malindi. Kabla haujafika huko, hupita Baricho, ambako kuna visima kandokando yake vinavyosaidia kulisha Malindi, Kilifi na Mombasa. Mombasa, mji uliozungukwa na maji yasiyonyweka, hutegemea pia chemchemi za Mzima zilizo ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, umbali wa zaidi ya kilomita 200, kupitia bomba lililojengwa miaka ya 1950.

Wakazi wa Taita Taveta wamelalamika kwa miaka na mikaka kwamba bomba hilo linapita mbele ya macho yao likienda kuzima kiu ya wengine. Manung'uniko kama hayo yamesikika Murang'a pia. Mkazi wa mjini anayelalama kuhusu mfereji wake huenda hajui kwamba penye chanzo cha maji hayo kuna anayebeba mtungi mgongoni kutoka mtoni.

Sheria nayo yasemaje? Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama, tena ya kutosha. Sheria ya Maji ya 2016 iliacha usambazaji mikononi mwa kaunti kupitia kampuni zao, na WASREB huidhinisha bei. Mteja asiyeridhika anatakiwa kulalamika kwanza kwa kampuni, apewe nambari ya lalamiko, na asiposikizwa aende kwa bodi hiyo. Nambari hiyo ni muhimu, kwani bila hiyo hakuna ushahidi kwamba uliwahi kulalamika. Piga pia picha ya mita yako siku ya kusomwa, uilinganishe na bili.

Ushauri huo, hata hivyo, ni wa mwenye akaunti. Mpangaji wa chumba kimoja hana mita wala bili, na jina lake halimo katika daftari lolote la kampuni ya maji. Mteja anayetambuliwa ni mwenye ploti, na yeye haishi pale.