Ni Tabia Yake ama ni Maisha Imembana? Jua Tofauti Kabla Umteme

Kuna sentensi mbili utaskia kila mtaa, kuanzia Githurai hadi Rongai. Ya kwanza: "Vumilia tu, akipata kazi atabadilika." Ya pili: "Huyo hakupendi, angekupenda angekutafuta." Zote mbili zinaeza kuwa ukweli. Noma ni kwamba mara mingi tunazitumia mahali sipo.

Unapata dem amevumilia chali mwenye matusi miaka minne, akingoja kazi imfanye mpole. Kazi inakam, matusi yanabaki, sasa hata yamevaa suti. Mtaa huohuo unapata mwingine ametema chali mpole kabisa juu alinyamaza miezi miwili, na hakuwahi kuuliza kama huyo msee alikuwa anapiga shifti za usiku na kulipia wadogo wake karo.

Wa kwanza alidhani tabia ni hali. Wa pili alidhani hali ni tabia. Tabia ni venye mtu ako, leo na mwaka ujao. Hali ni venye maisha imemshika saa hii: pesa, kazi, ugonjwa, msiba, mahali anaishi. Ukichanganya hizo mbili unaeza kupoteza mtu mzuri, ama ujifunge kwa mtu atakuumiza. Na kama kuna mtoi katikati, yeye ndiye hulipa hilo deni.

Kwa nini tunakosea kila siku

Fikiria uko ndani ya mathree saa kumi na mbili jioni. Msee anakukanyaga. Kichwani unasema, "Huyu hana adabu." Dakika tano baadaye dere anafunga breki, wewe unakanyaga mtu. Unasema nini? "Pole, ni gari." Yeye alikosea juu ya tabia, wewe ulikosea juu ya hali.

Hii si mchezo wa Nairobi pekee. Mwaka wa 1977, mwanasaikolojia Mmarekani Lee Ross aliipatia jina rasmi, akaeleza kwamba binadamu huwa wanaona sana tabia ya mtu na kusahau mazingira yenye yamembana. Sasa ileteni kwa mapenzi. Wewe usipojibu meseji, ulikuwa bize. Yeye asipojibu, anakucheza. Wewe ukikosa kuenda kwao, ulikuwa umesota. Yeye akikosa kukam kwenu, hana mpango na wewe.

Lakini kuna kinyume chake pia, na hii hatuiongelei sana. Ukishapenda mtu, unageuka kuwa wakili wake. Akikutukana, ni stress. Akikosa kurudi kejani, ni marafiki wabaya. Akikuomba doh kila wiki, ni serikali. Mapenzi hufanya kila tabia mbaya ionekane kama hali.

Kusota kunafanyia kichwa nini

Tuwe wakweli, hali ina nguvu. Mwaka wa 2013 watafiti, wakiwemo Sendhil Mullainathan na Eldar Shafir, walichapisha utafiti kuhusu wakulima wa miwa jimbo la Tamil Nadu, India. Hao wakulima hulipwa wakivuna, kwa hivyo kuna miezi wako na pesa na kuna miezi wamekauka. Walipewa mitihani ya kufikiria kabla ya mavuno na baada ya mavuno. Mkulima yuleyule alifanya vibaya akiwa amesota na vizuri akiwa na doh. Akili haikuwa imebadilika. Kichwa ndio kilikuwa kimejaa hesabu za madeni.

Sasa weka hiyo Kayole, tarehe tano. Fuliza imemeza kila kitu kimeingia, mwenye nyumba ameeka kufuli ingine juu ya yako, na mathe amepiga simu kutoka ushago juu ya dawa. Msee kama huyo atasahau birthday yako. Atajibu kwa neno moja. Atakasirika haraka. Anaeza hata kukukwepa, juu aibu ya kukosa humfanya mtu ajifiche. Hiyo ni hali inaongea.

Lakini skiza hapa vizuri. Kusota kunaeleza kunyamaza na kusahau. Hakuelezi kukupiga. Kuna mamilioni ya watu wamesota Kenya na hawajawahi kuinulia mtu mkono. Kama unapigwa, usikae hapo ukifanya hesabu ya tabia na hali. Piga 1195, hiyo laini ni ya bure na inasaidia watu wanaodhulumiwa. Na Kenya iko na sheria ya kukinga watu dhidi ya vurugu za nyumbani tangu 2015, so usiambiwe hayo ni mambo ya ndani.

Tabia nayo hutoka wapi

Kuna kenye mtu huzaliwa nacho. Ukishalea watoi wawili unajua, mmoja alitoka akipiga nduru na mwingine akiangalia tu dunia. Lakini kuna kenye hujengwa, na mmoja wa watu walioanza kuchunguza hii kitu alianzia hapa jirani yetu.

Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuja Uganda miaka ya hamsini, akatembelea familia 26 vijijini karibu na Kampala, akichunguza venye watoto wachanga hushikana na mama zao. Alitoa kitabu juu ya hiyo kazi mwaka wa 1967. Aliona watoto wengine wana imani: mama akitoka, wanajua atarudi, wanacheza. Wengine hawana hiyo imani, wanalia hata wakiwa wamebebwa. Wengine ni kama hawajali. Baadaye aliendelea na hiyo kazi Marekani.

Halafu 1987, Cindy Hazan na Phillip Shaver wakauliza: je, watu wazima pia wako hivyo kwa mapenzi? Wakapata kuna wenye hupenda bila wasiwasi, kuna wenye huogopa kuachwa kila saa, na kuna wenye ukiwakaribia sana wanatoroka.

Hao watatu wote unawajua. Wa kwanza ukimwambia utachelewa anasema "sawa, fika salama." Wa pili anapiga simu mara kumi na moja, halafu anapigia rafiki yako. Wa tatu mnakaa poa miezi sita, siku unamwambia "kuja nikupeleke kwetu," anaingia mitini.

Poa ni kwamba hii si hukumu ya maisha. Mtu anaeza kujifunza kuamini, akipata mtu wa kuaminika na akikubali kazi iko kwake. Hiyo ya mwisho ndio muhimu. Tabia hubadilishwa na mwenyewe, polepole, miaka si wiki. Wewe huwezi kumfanyia.

Maswali matatu ya kupima

Moja: anafanya hivyo kwa kila mtu, ama ni kwako tu, ama ni saa hii tu? Kama amenyamazia kila mtu, hata mathe yake na mbogi yake, kuna kitu kimemkamata. Kama anacheka na dunia nzima na ni wewe tu unanyamaziwa, hiyo si stress. Na kama amekuwa na dharau tangu umjue, kwa weita, kwa makanga, kwa soja wa geti, basi umeona tabia. Foleni yako itafika.

Mbili: hali ilipokuwa poa, alikuwa aje? Kuna wakati alikuwa na doh, ama afya, ama usingizi wa kutosha. Alikuwa mtu mzuri? Kama hata wakati huo alikuwa vile, ngoja ya "akipata kazi" haina mwisho.

Tatu: anafanya nini na kidogo chenye ako nacho? Hili ndilo kali. Msee ako na mia mbili. Hiyo mia mbili inaenda wapi? Hana pesa ya deti, sawa, lakini anaeza kutembea na wewe hadi stage? Hana saa, lakini anaeza kutuma meseji ya "niko job, tuongee Jumapili," halafu Jumapili aongee kweli? Hali hupunguza kenye mtu anaeza kutoa. Tabia inaonekana kwa venye anatoa hicho kidogo kimebaki.

Na kabla hujamaliza, geuza maswali ujiulize wewe mwenyewe. Labda wewe ndiye yule wa simu kumi na moja.

Kwa wale wako singo

Mtu akiwa singo na amefika thelathini, mtaa hutoa hukumu haraka. Dem ni "mgumu, anachagua sana." Chali "hana pesa ama hana mpango." Kila mtu anaona tabia.

Lakini angalia hali. Msichana anafanya EPZ Athi River, anatoka kejani kukiwa giza na anarudi kukiwa giza, siku sita kwa wiki. Atapatana na nani, na saa ngapi? Chali wa bodaboda analipia ndugu wawili karo. Ameamua asianze familia ingine kabla hao wamalize shule. Huyo si muoga, huyo ni mtu amepanga. Na kuna wenye wako singo juu wanapenda hivyo, nyumba yao imetulia, na wikendi ni yao. Hiyo pia si ugonjwa.

Swali la maana ni moja: uko singo juu maisha haijakupa nafasi, juu umechagua, ama juu kila mtu akikukaribia unatafuta makosa? Kama ni hali, usijichukie. Kama ni chaguo, usiombe mtu msamaha. Kama ni ya tatu, hata ukihama Nairobi hiyo kitu itakufuata huko.

Mtoi akikam, hesabu inabadilika

Watu wengi huku hawakuingia uzazi kwa mpango. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulipata kwamba asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kupata mimba. Hapo hakuna mtu alikuwa amepima tabia ya mtu.

Chukua mfano wenye Wakenya wote wanaujua. Barack Obama Sr. alienda kusoma Hawaii 1959. Mtoto wake akazaliwa 1961. Mwaka wa 1962 mzee akaenda Harvard na familia haikuenda naye, 1964 ndoa ikavunjika, na baadaye akarudi Kenya. Alirudi kumwona kijana mara moja tu, mwishoni mwa 1971, kijana akiwa na miaka 10. Mzee alikufa kwa ajali ya barabara Nairobi 1982. Unaeza kubishana mpaka asubuhi: ilikuwa masomo na bahari katikati, ama ilikuwa mwenyewe? Lakini kwa yule kijana, miaka ilikuwa imepita. Alikuja kuandika kitabu kizima, kikatoka 1995, akijaribu kumwelewa baba yake.

Ndio maana kwa mapenzi unaruhusiwa kusema "hali ilinibana, tuachane." Kwa mtoi huruhusiwi, na hata sheria inasema hivyo. Sheria ya watoto ya 2001 ilikuwa inamwekea mama mzigo kwanza kama hamkuoana. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, ikasema mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili sawasawa, wawe wameoana ama hawajaoana. Sheria mpya ya watoto ya 2022 ikafuata hiyo njia. Kuruka mimba futi mia hakufuti kitu. Na wewe mama pia, kumficha mtoi juu umekasirikia baba yake si haki yako, isipokuwa kama kuna hatari.

Mkilea mkiwa mmeachana, fanyeni hivi. Kwanza, andikeni makubaliano: nani analipa nini, tarehe gani, mtoi analala wapi wikendi gani. Kwenye karatasi hakuna kukumbushana kwa kelele. Pili, kama mwenzako ni wa kutoroka ukimkaribia, ongeeni kwa meseji, na iwe ya mtoi tu, si ya 2019. Tatu, ukisota, sema. "Mwezi huu niko na elfu moja badala ya tatu, na Jumamosi nitakam kumchukua" ni jibu la mzazi. Kuzima simu si jibu. Nne, usimfanye mtoi mjumbe. "Ambia baba yako alete pesa" ni mzigo wenye mtoi wa darasa la tatu hafai kubeba.

Mkishindwa kuelewana, endeni ofisi ya watoto iliyo karibu, wanasaidia wazazi kukubaliana kabla mambo ifike korti. Na kama mtoi ananyanyaswa, piga 116, ni bure.

So kabla utume ile meseji ya kuachana, ama kabla uende kwa mathe useme "nimeamua kuvumilia," rudi kwa yale maswali matatu. Kama ni hali, kaeni chini muongee, na muekeane muda wa kuona kama inabadilika. Kama ni tabia, amua ukijua kwamba huyu mwenye unaona leo ndiye utaamka naye. Na kama mko na mtoi, haijalishi ni gani kati ya hizo mbili: Jumamosi ikifika, nendeni mumwone.